Kiwanja Tulichokinunua Saa Sita Mchana

Kiwanja chetu tulikitembelea mara tatu kabla ya kulipa, na mara zote tatu ilikuwa saa sita mchana. Mara ya kwanza komisionere, yaani dalali, ndiye aliyechagua saa. Mara mbili zilizofuata tulichagua wenyewe, kwa sababu huo ndio wakati wateja wanapungua sokoni na ningeweza kumwomba jirani wa meza aniangalizie mali. Jua linawaka, upepo wa ziwa unapita, majani yanacheza. Nani angekiona kibaya?

Nauza vitenge Birere, mjini Goma, mashariki ya Kongo, na kitenge sikinunui kikiwa kimekunjwa. Nakikunjua chote, nalowesha pembe, nasugua nione kama rangi inatoka, nageuza nione kama upande wa ndani umechapwa sawa na wa nje. Yote hayo kwa mali ya dola chache. Kiwanja cha dola elfu saba nilikinunua kikiwa kimekunjwa.

Ilikuwa Julai 2014, kiangazi. Mimi na Baba Furaha tulikuwa tumepanga Murara kwa miaka kumi. Nyumba aliyoachiwa na wazazi wake, katikati ya mji wa Goma, ilikwenda na lava tarehe 17 Januari 2002, siku volkano ya Nyiragongo ilipopasuka na mto wa moto ukaukata mji vipande viwili ukashuka hadi ziwani. Aliporudi alikuta makoro, mawe meusi ya lava, bado yanatoa joto, na majirani wanabishana mpaka wa nani uko wapi chini ya jiwe. Kwa hiyo tulipopata pesa, sharti lake lilikuwa moja tu: tutoke kwenye njia ya moto. Tukatafuta magharibi, upande wa Lac Vert, barabara ya kwenda Sake. Wazee walituambia lava ya 2002 haikufika kule, na ya 1977 vilevile. Hilo lilitutosha.

Karatasi tulizichunguza sana, sitaki mtu aseme tulikuwa wajinga. Hapa kwetu kiwanja kimoja kinaweza kuuzwa kwa watu watatu, kila mmoja ana risiti yake na mashahidi wake, kwa hiyo mnunuzi akili yake yote huelekea huko. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema ardhi ni mali ya Serikali; raia anapewa haki ya kuitumia, na haki hiyo inathibitishwa na sertifika. Baba Furaha alikwenda ofisi ya ardhi, akahakikisha namba, jina, vipimo. Mpima ardhi alikuja akayakuta mawe ya mipaka mahali pake. Mkuu wa avenyu, yaani wa mtaa wetu, alitia sahihi, tukanywa soda, mashahidi wakapewa chao. Kila kitu kilikuwa safi. Kila karatasi ilisema kiwanja ni cha nani. Hakuna iliyosema kiwanja kinafanya nini usiku.

Leo nikikumbuka siku ile naona mambo ambayo macho yaliyapita. Kuku wa jirani walikuwa na banda lililoinuliwa juu ya miti minne, urefu wa kifua. Avenyu nzima sikusikia mbwa. Nyuma ya kiwanja chetu palikuwa na bonde dogo, kama sahani, ardhi inashuka labda mita mbili hivi, na majirani wa pande zote walikuwa wameligeuzia mgongo: hakuna mlango, hakuna dirisha, hakuna hata kamba ya kuanikia nguo iliyoelekea huko. Mimi niliona uwanja wa watoto kucheza. Nilisema hivyo kwa sauti, mbele ya watu, na watu walitazama chini.

Tulijenga nyumba ya mbao na mabati. Mbele tuliacha nafasi ya kibanda cha biashara, kwa hiyo chumba cha watoto kikawa nyuma, kwenye ukingo wa bonde.

Kwanza lakini tuchimbe choo. Aliyezaliwa kwenye udongo hawezi kuelewa maana ya kuchimba choo Goma. Vijana walichimba siku moja na nusu, wakafika mita moja, wakagonga jiwe. Baada ya hapo ni tindo na nyundo kubwa, siku nenda siku rudi, wanatoka na karai la vumbi jioni na kudai pesa ya siku nzima. Tulitumia wiki tatu, na shimo likaishia chini ya mita mbili. Muuzaji alipoulizwa alicheka: "Mama, hii ni Goma, ulifikiri utapata udongo?" Sawa. Lakini choo chake mwenyewe, nilichokuwa nimekisifu siku ya kununua, kumbe kilikuwa na kina cha nusu mita na ndoo ndani yake. Yale nayo nilipaswa kuambiwa. Yalinigharimu pesa tu, ndiyo maana nayapita haraka.

Mvua za Septemba zilipoanza nilinunua kuku sita. Asubuhi moja watatu walikuwa wamelala upande kwenye ukingo wa bonde, hawana jeraha, hawana damu. Nikasema ni kideri. Baada ya siku chache, mijusi. Halafu wadudu wengi wamejaa mahali pamoja kama mtu amewamwaga. Nikanyunyizia dawa.

Koko, bibi kizee wa nyumba ya pili, alikuwa akinisalimia kila siku na kuuliza swali lilelile: "Watoto wanalala juu?" Nikamjibu ndiyo, wana godoro. Hakuwa anauliza godoro. Alikuwa anauliza urefu wa kitanda. Bibi yule alikuwa anajaribu kuniambia bila kuniambia, na mimi sikuwa na sikio.

Mwisho wa Novemba, alfajiri, mwanangu Baraka, miaka minne, alitoka kukojoa. Ukungu ulikuwa umetulia, hakuna hata jani linalotikisika. Mpira wao ulikuwa umelala bondeni tangu jana, akaufuata. Furaha ndiye aliyemwona kupitia dirishani amekaa chini, kisha amelala. Akaanza kukimbia kumfuata. Kijana wa Koko, aliyekuwa anaondoa chukudu yake, baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, kwenda kuchota maji, alimshika Furaha mkono akamtupa nyuma kwa nguvu, akavuta pumzi moja ndefu, akafunga mdomo, akashuka. Alipanda na Baraka begani, uso wa kijana umekuwa mwekundu na macho yametoka. Hakupumua mpaka alipofika barabarani. Mtoto alikuwa baridi, midomo imebadilika rangi. Tulimpepea, tulimpiga mgongo, tulilia. Akatapika. Akalia. Yuko hai, ana akili zake, anacheza mpira, na hapo nashukuru Mungu na yule kijana kwa pamoja.

Mchana ule ndipo Koko alipokaa kwenye baraza langu akasema neno ambalo avenyu nzima ilikuwa nalo mdomoni tangu Julai. "Ile fasi iko na mazuku, mama. Hawakukuambiaka?"

Mazuku nilikuwa nimeyasikia tangu utotoni, kama mtu anavyosikia habari za mamba: yapo, huko, kwa wengine. Upepo mbaya, wazee walisema, unaua mbuzi. Baada ya Baraka niliuliza mpaka nikaelewa. Ni hewa ya ukaa inayotoka ardhini kupitia nyufa za makoro, kwa sababu chini yetu volkano haijalala. Ni nzito kuliko hewa tunayovuta, kama mara moja na nusu, kwa hiyo haipandi: inatiririka kama maji na kujaza mabonde. Haina rangi. Harufu huwezi kuitegemea. Usiku na alfajiri, wakati hakuna upepo, bonde linajaa. Jua likiwaka na upepo wa ziwa ukivuma, linapungua. Saa sita mchana mtu mzima anaweza kupita hapo akipiga mluzi. Kiumbe mfupi ndiye anayekufa kwanza: mjusi, kuku, mbuzi, mtoto. Na anayeshuka kumwokoa mwenzake huku anapumua hulala juu yake. Ndiyo maana kijana yule alimtupa binti yangu nyuma.

Koko alinionyesha pia jinsi wanavyopima. Unafunga mshumaa kwenye fimbo ndefu, unasimama juu, unaushusha polepole. Tulifanya hivyo kesho yake saa kumi na moja alfajiri. Usawa wa kiuno moto ulikuwa umesimama vizuri. Usawa wa goti ulizimika kama umebanwa na vidole. Lakini alinionya: mshumaa ukizimika ujue ni kubaya tayari, ukiendelea kuwaka usiseme ni kuzuri.

Nilimfuata muuzaji. Hakukana, hilo ndilo lililoniuma. Alisema mbwa wake wawili walifia pale, ndiyo maana alihama. "Hukuuliza," alisema. Komisionere naye, aliyekula asilimia kumi yake: "Mimi naonyesha mlango tu." Mkuu wa avenyu akasema kazi yake ni kushuhudia mauziano, si kuhubiri.

Hao watatu niliwaelewa upesi, walikuwa na pesa ndani yake. Walionisumbua usingizi ni majirani. Watu wema. Walitusaidia kubeba mbao. Mama mmoja aliniletea sombe, mboga ya majani ya muhogo, siku ya kwanza. Wote walijua kwamba watoto wangu wanalala ukingoni. Nilimuuliza yule wa sombe, na jibu lake sijalisahau: "Nikikuambia, nimevunja soko la mwenzangu. Na kesho na mimi nitauza."

Nimelifikiria jibu hilo miaka kumi sasa, na kila mara linanirudisha mahali pamoja. Siri ya mtaa haifichwi na mwongo mmoja. Inafichwa na kila mtu mwenye sertifika, kwa sababu kila mwenye sertifika ni muuzaji wa kesho. Ukimtegemea jirani akuambie, unamwomba apunguze bei ya nyumba yake kwa ajili ya mtu asiyemjua. Kwa hiyo neno hilo lisingojee wema wa mtu. Liandikwe kwenye karatasi ileile anayotia sahihi mkuu wa avenyu, na asiyeliandika awajibike.

Nina mkwe anayefanya kazi za mahakama, nikamuuliza kama nina haki. Akasema ninayo, na ni ya zamani kuliko babu yangu: sheria ya mikataba tunayotumia Kongo hadi leo ni dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, na ndani yake muuzaji anajibu kwa kasoro iliyojificha katika kitu alichouza. Nikafurahi. Akaniambia ngoja. Inabidi ushitaki haraka, uthibitishe kasoro ilikuwepo, na uthibitishe ilikuwa imejificha. Na muuzaji atasimama mbele ya hakimu aseme: imejificha vipi, mheshimiwa, hata watoto wa shule wa pale wanajua mazuku yako wapi? Wote wanajua, kwa hiyo si siri. Ni kweli, haikuwa siri kwa mtu yeyote isipokuwa aliyeilipia.

Mdogo wangu anaishi Lyon, Ufaransa. Aliponunua chumba chake kule alinitumia picha ya karatasi aliyopewa na muuzaji kabla ya kutia sahihi. Imeandikwa kama mafuriko yanafika, tetemeko la ardhi ni la daraja gani, na hata gesi ya radoni inayotoka ardhini kama iko. Kule tangu tarehe 1 Juni 2006 muuzaji analazimika kuitoa, na asipoitoa mnunuzi anaweza kuomba mauziano yavunjwe au bei ishushwe. Niliitazama picha ile muda mrefu. Gesi inayotoka ardhini. Mji usio na volkano yenye moto wameiandikia sanduku la kutia alama, na sisi wenye Nyiragongo tunaachiwa bibi kizee na swali la urefu wa kitanda.

Si kwamba ujuzi haupo. Goma kuna kituo cha kuchunguza volkano, OVG, chenye watu wanaopanda mlimani na kupima gesi hizo. Mwenye ujuzi na mwenye kununua hawajakutana tu. Mimi mwenyewe kabla ya 2014 sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kwenda OVG kuuliza habari za kiwanja. Nilifikiri wao ni wa mlima, kiwanja ni cha ofisi ya ardhi.

Tulihama Februari 2015, tukarudi kupanga, safari hii Majengo. Kiwanja tulikiacha na nyumba tupu. Watu walitushauri tujaze bonde kwa mawe. Koko alicheka: hewa inapita kwenye makoro kama maji kwenye chujio.

Halafu ikaja 2021. Jumamosi jioni, tarehe 22 Mei, mbingu ikawa nyekundu, lava ikashuka hadi Buhene, karibu kabisa na uwanja wa ndege, ikasimama. Matetemeko hayakusimama. Ardhi ilitikisika siku na usiku, nyufa zikatokea barabarani. Alfajiri ya Alhamisi tarehe 27 gavana wa kijeshi akatangaza kwamba kartie, yaani mitaa, 10 kati ya 18 za mji zihame mara moja. Majengo ilikuwa ndani. Tukabeba watoto, godoro moja, sufuria, tukaingia kwenye mto wa watu unaokwenda Sake kwa miguu. Wengine walikwenda Rwanda, wengine njia ya Rutshuru.

Tulikuwa kumi na saba, mimi na ndugu wa mume wangu na wapwa wao. Jioni ilitukuta karibu na Lac Vert. Shemeji yangu, ambaye miguu ilikuwa imevimba, akasimama akasema: "Si mna kiwanja hapa? Chenye nyumba?" Nikasema hatulali pale. Akanitazama kama amegundua tabia yangu. Usiku unaingia, mvua inanukia, watoto wanalia, na mwenye nyumba anawanyima ndugu zake nyumba. Nikaeleza mazuku. Mmoja akasema, kwa hiyo tumekimbia volkano, na wewe unatutishia volkano nyingine? Watu walicheka, kicheko cha uchovu. Baba Furaha alisema basi mbele tu, upande wa barabarani, palipo juu, na mtu mmoja akae macho. Nikakataa hata hapo. Tukatembea. Shemeji hakunisemesha mpaka Sake, na hata leo, kwenye harusi, ananisalimia kwa mkono wa mbali.

Usiku ule watu wangapi walilala mabondeni upande ule bila mtu wa kuwauliza urefu wa kitanda? Na mwaka 2023, vita ilipowajaza wakimbizi Bulengo na Lushagala, vibanda vya turubai juu ya makoro, nilifikiria mikeka yao.

Mwaka 2022 ada ya shule ilitubana na tukaamua kuuza. Hapo ndipo nilipoujua moyo wangu. Komisionere mpya aliniambia, mama, usiseme chochote, bei ya upande ule imepanda baada ya lava ya mwaka jana, kila mtu anataka magharibi. Elfu kumi na mbili, alisema. Sikulala usiku mbili. Ningeweza kusema nilikubali kwa moyo mweupe kusema ukweli, lakini asubuhi ya tatu nilikuwa bado napiga hesabu: tofauti ya bei ni ada ya Furaha ya miaka mingapi. Kilichoamua si wema. Mnunuzi wa kwanza alikuja na mke wake, na mke alikuwa na mtoto mgongoni, na alipoliona bonde akasema yale maneno yangu, kwamba watoto watapata mahali pa kucheza.

Nikawaambia warudi kesho saa kumi na moja alfajiri, na mimi nitaleta mshumaa. Walirudi. Ulipozimika mama yule alifunga kitenge chake vizuri, akamkaza mtoto mgongoni, wakaondoka bila kuaga. Majirani waliona. Yule wa sombe hakunisalimia tena.

Aliyenunua mwishowe ni mfanyabiashara wa mbao, dola elfu tano, akijua kila kitu, kwa sababu mbao hazipumui. Nikamuuliza: mlinzi wako atalala wapi? Hakuwa amefikiria. Tulichagua pamoja mahali pa kibanda cha mlinzi, juu kabisa, karibu na barabara, na katika karatasi ya mauziano nilimlazimisha mwandishi aongeze mstari kwamba nyuma kuna mazuku na mnunuzi ameonyeshwa. Mkuu wa avenyu alisita na kalamu mkononi. Hajawahi kuona mstari kama huo, alisema. Akatia sahihi.

Mwanzoni mwa 2024 nilikuwa ndani ya gari nikienda Mugunga. Mbao hazikuwepo tena, kibanda cha mlinzi kimevunjwa, na ukutani pameandikwa kwa rangi nyekundu kwamba kiwanja kinauzwa, na namba ya simu. Nikashuka. Nikapiga, nikauliza kama mnunuzi. Sauti ya kijana, changamfu: kiwanja kizuri mama, kikavu, karatasi safi, karibu na lami, na nyuma kuna nafasi ya watoto. Njoo kesho saa sita mchana nikuonyeshe.

Nikamwambia nitakuja saa kumi na moja alfajiri.

Akanyamaza kidogo. Kisha akauliza, kwa sauti nyingine: "Mama, wewe ni mtu wa huku?"